Baba, Magnesi na Glasi ya Maji

Nikianza kueleza nilichosomea, watu wengi huniacha njiani kwenye sentensi ya pili. Shangazi zangu wamekwisha kata shauri kwamba natengeneza gesi ya kupikia. Fundi wa simu wa barabara yetu, hapa Kamalondo, anadhani ni betri, na huyo hayuko mbali na ukweli, ila kila wiki ananiuliza zitafika dukani lini. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sikatai, lakini kwa jambo hili nimejifunza kueleza taratibu. Aliyenifundisha ni baba yangu, mzee ambaye hakumaliza hata darasa la sita.

Nieleze basi. Haidrojeni ni gesi nyepesi kuliko zote. Ukiipitisha ndani ya kifaa kinachoitwa seli ya mafuta, inakutana na oksijeni ya hewa na kukupa umeme, na takataka yake ni maji matupu. Katika mji ambao umeme unaondoka bila kuaga, hilo si jambo dogo. Shida ni kuitunza. Ukiibana kwenye chupa, inataka chupa nene, nzito, ya gharama. Lakini kuna metali zinazoimeza gesi hiyo na kuishika ndani yao, na ukizipasha moto zinairudisha. Magnesi ni mojawapo, na ni nyepesi. Kasoro yake ni uvivu: donge la magnesi linameza kidogo juujuu, kisha ngozi yake inajifunga na ndani hakuingii kitu. Ila ukiisaga, ukaisaga tena, pamoja na nikeli kidogo, mpaka chembe zake ziwe ndogo kiasi ambacho hata hadubini ya kawaida haizioni, gesi inapata njia fupi ya kufika moyoni mwa kila chembe. Hiyo ndiyo iliyokuwa tasnifu yangu: kusaga magnesi ya kuhifadhi haidrojeni.

Profesa wangu, mama mwembamba anayeongea polepole, alikuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo na seli moja ya mafuta inayoenea kiganjani, imeunganishwa na feni ndogo ya plastiki. Alikuwa pia na chupa mbili za unga wa magnesi, alizopewa na mwenzake wa kazi. Mbili tu. Kuagiza nyingine kungechukua miezi, kama zingefika. Wakati uleule idara yetu ilikuwa inatafuta msaidizi mmoja wa kufundisha, na sharti lilikuwa wazi: awe ametetea tasnifu kabla ya kikao cha utetezi cha mwaka ule kufungwa. Tulikuwa wawili tunaoitaka nafasi ile. Mwenzangu alikuwa amemaliza majaribio yake yote. Mimi nilikuwa na chupa mbili na sikuwa na kinu.

Kinu kilitoka nyumbani. Baba alizaliwa Kambove, mji wa migodi, na utu uzima wake wote aliupitisha kwenye vinu vya kusaga mawe ya madini, yale mapipa makubwa ya chuma yanayozunguka yakiwa na mipira ya chuma ndani. Siku niliyolalamika mezani kwamba mashine ya kusagia inayotumiwa na wenzetu wa nchi nyingine siwezi kuipata, alibaki ameshika tonge la bukari, ugali wetu, mkononi, akafikiri, akaniuliza unga wenyewe ni kiasi gani. Nilimwonyesha kwa viganja viwili. Akacheka, akamalizia tonge lake.

Kesho yake alikwenda kwa marafiki zake wa magereji. Alirudi na kipande cha bomba nene la chuma kisichoshika kutu, na baada ya siku chache fundi wa kuchonga vyuma alikuwa amekigeuza kuwa mtungi mdogo wenye mfuniko wa boliti sita na pete ya mpira. Mipira ilitoka kwenye bearingi za malori yaliyokufa. Baba aliiosha kwa petroli, akaipanga kwa ukubwa kwenye sahani za mama za kuandalia sombe, mboga ya majani ya muhogo, na mama akakasirika jinsi ilivyostahili.

Mama ni fundi cherehani. Ukoo wake ni Waislamu wa Maniema waliohamia hapa zamani, na kwao sindano inarithiwa. Cherehani yake ni ya kukanyaga kwa miguu, nzito, ya tangu alipoolewa. Kwa kuwa umeme wa chuo haukutabirika na mtungi ulitakiwa kuzunguka saa nyingi kila siku, siku nyingi mfululizo, baba aliamua kwamba cherehani ndiyo itakayouzungusha. Aliweka roli mbili juu ya fremu ya mbao, akafunga mkanda kutoka gurudumu la cherehani, akalaza mtungi juu ya roli. Mama alikubali kwa sharti moja, amalize kwanza nguo za harusi alizokuwa ameahidi.

Ni mama pia aliyenitengenezea mfuko. Magnesi iliyosagwa laini haitakiwi kukutana na hewa, sembuse maji. Inaweza kushika moto mkononi mwako. Wenye uwezo wanafanyia kazi ndani ya sanduku la kioo lililojazwa gesi ya argoni. Argoni kwetu si tatizo, wachomeleaji wanaitumia. Sanduku ndilo sikuwa nalo. Mama alichukua plastiki nzito inayoonyesha ndani, ile ya kufunikia viti vya sebuleni, akashona mfuko mkubwa na kuutia glavu mbili za mpira ubavuni. Matundu ya sindano tuliyaziba kwa gundi ya viraka vya baiskeli. Profesa alipouona aliutazama kwa muda mrefu, akauliza ni nani aliyeshona, akasema mshono ni mzuri. Mama nilipomwambia alijifanya hakusikia, ila jioni alilirudia neno lile kwa jirani.

Siku ya kwanza nilifungua chupa ya kwanza ndani ya mfuko ule, nikatia unga na nikeli na mipira kwenye mtungi, nikakaza boliti. Baba alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono mgongoni, kama alivyozoea kusimama kazini. Aliniuliza swali moja, kuhusu maji.

"Mayi munatia saa gani?"

Nilimjibu bila kuinua kichwa. "Hapana, papa. Ile haiko mawe."

Hakuuliza tena. Baba anaheshimu shule kuliko sisi tuliokwenda shule. Na mimi, niliyekuwa naijua sababu kwa Kifaransa kuanzia mwanzo hadi mwisho, niliona kumweleza ni kupoteza wakati. Nilibandika karatasi kwenye mtungi iliyoandikwa kwa Kifaransa kwamba usifunguliwe, nikajiona nimemaliza.

Lazima nieleze kuhusu maji, maana mtu asiyetoka kwenye familia ya kinu hawezi kuelewa. Kule mawe husagwa na maji. Maji yanabeba unga, yanapoza chuma, na zaidi ya yote yanalaza vumbi. Kaka mkubwa wa baba hakufanya kazi na baba; yeye alikuwa na wachimbaji wa mkono, akiponda mawe makavu kwa nyundo, akala vumbi miaka mingi. Alikufa akikohoa, na baba ndiye aliyekuwa anafua vitambaa vyake. Tangu hapo, kwa baba, kusaga kikavu si uzembe wa kazi. Ni kumuua mtu polepole. Yote hayo niliyajua tangu utoto.

Siku mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Tulipokezana kukanyaga: mama asubuhi baada ya kuswali na kumaliza kazi za nyumbani, baba mchana, mimi nikitoka chuoni. Siku ya tatu nilikuwa maktaba, na baba ndiye aliyekuwa kwenye cherehani. Mlio wa mtungi ulibadilika. Ulikuwa unasikika kama mvua ya mawe kwenye bati, ukaanza kuwa mzito, wa kitu kilichofungwa kwenye blanketi. Kwa mtu wa kinu mlio ule una maana moja: unga umekauka na kugandamana, na dawa yake ni maji. Alisimama, akaitazama karatasi yangu, akafikiri kwamba nimeibandika kwa ajili ya watoto wa jirani. Akafungua boliti, akatia glasi moja ya maji ya kunywa, akafunga, akakaza vizuri kama fundi anavyokaza.

Niliporudi nilikuta lupango lote, ua wetu mzima, liko kimya. Mtungi ulikuwa chini, wazi, na kwenye karai kulikuwa na uji wa kijivu. Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda na mkono wake wa kulia umefungwa kitambaa. Sikuuliza kuhusu mkono. Niliuliza ni nani aliyefungua, na aliponiambia, nilipaza sauti hadi jirani akazima redio yake. Mengi niliyosema siku ile nimeyasahau, lakini hili sijalisahau, na sitaki kulisahau.

"Papa, huku haiko Kambove. Kama kintu hauyue, ukiache."

Baba alisema tu kwamba amesikia. Akainuka, akaingia ndani. Mama alinionyesha sufuria ya chakula kwa kidole, naye akaingia. Nilikula peke yangu, bado na hasira, nikihesabu kichwani siku zilizobaki kabla ya kikao kufungwa.

Kesho yake mama ndiye aliyenieleza yaliyobaki. Baba alikuwa ameweka kiganja juu ya mtungi, kama afanyavyo daima, akausikia unapata joto, kisha unapata moto, kisha pete ya mpira ikaanza kupiga mluzi. Mama alikuwa anapika kwenye mbabula, jiko letu la makaa, hatua chache kutoka pale. Baba hakujua kemia yoyote, lakini shinikizo analijua. Alimwambia mama abebe mbabula atoke nayo barabarani, na awazuie watu wasiingie. Yeye akabaki. Alilegeza boliti moja moja kwa spana, nusu mzunguko hapa, nusu mzunguko pale, mpaka gesi yote ikatoka. Kiganja kilikuwa kimeungua. Kama angeuacha mtungi na kukimbia, ungepasukia ukuta ambao jirani analaza wajukuu wake nyuma yake. Nilimsikiliza mama nikiwa nimesimama na mkoba begani, na aibu iliyonishika sikuwahi kuijua kabla.

Hata hivyo sikwenda kwa baba. Nilikwenda kwa profesa. Nilimpelekea uji ule kwenye kopo, pamoja na mipira, nikitegemea kuambiwa kwamba nimeharibu na basi. Aliusugua uji kati ya vidole, akaichukua mipira, akaikwaruza kwa kisu. Ilikuwa imevaa ganda gumu linalong'aa, jeusijeusi. Alinieleza kwamba ganda lile halikuletwa na maji. Magnesi ni laini, ikipigwa inanata. Ilikuwa imeshabandikana kwenye mipira na kuta za mtungi kabla maji hayajafika. Hata bila glasi ile, mwishoni ningefungua na kukuta ganda, sio unga. Kisha akaniangalia.

"Yule mwenye alifungua alisikia kintu," alisema. "Ulimuuliza alisikia nini?"

Nilisema hapana. Alinipa chupa ya pili na ya mwisho, akaniagiza nisiifungue kabla sijamuuliza baba.

Nilimkuta baba nyuma ya nyumba, akitengeneza mguu wa meza kwa mkono wa kushoto. Niliketi chini karibu naye. Kumwomba mzazi wako msamaha si jambo la kusimama wima. Nililisema nikiwa chini, nikitazama udongo, na nililia. Alinipa mguu wa meza nimshikie, ili apate kupiga msumari, na nikajua amenisamehe.

Halafu nilimweleza. Ilichukua asubuhi nzima, maana vitu vyote vile nilivisoma kwa Kifaransa, na sikuwahi kuvipitisha kwenye lugha ya nyumbani hata mara moja. Nilitafuta maneno. Nilipokosa, nilichora chini kwa kijiti. Nilimwambia magnesi inapenda oksijeni kuliko kitu kingine, kiasi kwamba inaipokonya kutoka ndani ya maji yenyewe, na inapoipokonya, haidrojeni ya maji inabaki peke yake, inatoka mbio. Baba aliuliza maswali makali kuliko ya wanafunzi wenzangu. Aliuliza kwa nini basi sufuria hazifanyi hivyo, na ilinibidi nieleze aluminiamu na ngozi yake. Mwishoni aliuliza kama ule mluzi wa siku ile ndiyo gesi ninayoitafuta. Nilikuwa sijafikiria. Ndiyo, nikamwambia, ndiyo yenyewe. Haidrojeni yangu ya kwanza ilikuwa imetoka kwenye lupango letu, na aliyeiachia ni yeye kwa spana. Alicheka mpaka akakohoa, na mimi nikacheka nikiwa bado na machozi.

Sasa nikamuuliza alisikia nini.

"Siku ya kwanza byuma bilikuwa binaanguka muzuri," alisema. "Siku ya tatu bikaanza kulala."

Alinieleza kwa mikono. Mtungi ukizunguka polepole mno, mipira inateleza chini tu. Ukizunguka mbio mno, inabandika ukutani na kuzunguka pamoja nao, haianguki. Unga unasagwa pale tu mipira inapopanda na kuanguka. Mipira yangu ilikuwa mingi mno, imebanana. Na mama, alisema kwa sauti ya chini, anakanyaga kama anapiga upindo wa gauni, mbio kupita kiasi. Mama, aliyekuwa dirishani, alimjibu kwamba akitaka mkanyagaji mwingine amtafute. Kuhusu kunata, baba alisema kama maji hayatakiwi, itafutwe basi kitu kikavu ambacho unga ule haukichukii, kidogo tu, cha kuutelezesha. Nilipompelekea profesa swali hilo, alitabasamu, akatoa kopo la grafiti nyeusi, ile ya ndani ya penseli, akasema chukua ncha ya kijiko.

Tulianza tena. Nilimwaga chupa ya mwisho ndani ya mfuko wa mama. Baba aliketi kando ya cherehani, ameshika fimbo fupi ya mbao, ncha moja kwenye fremu na nyingine sikioni. Aliyekuwa anakanyaga alitazama mkono wa kushoto wa baba: ukipanda, ongeza; ukishuka, punguza; ukifunga ngumi, simama, mtungi upoe. Aliusimamisha mara nyingi. Mara nyingine alisimamisha nami sikusikia tofauti yoyote, na hasira zangu zikaanza kupanda, nikazimeza. Siku zilikwenda. Jirani alieneza kwamba tunasaga dhahabu, na wateja wa mama walianza kuja na nguo ambazo hazikuhitaji kushonwa, ili wachungulie.

Katika siku zile ndipo nilipomjua baba. Nilikuwa nimeishi naye maisha yangu yote na sikuwa nimewahi kumwona akiwa kazini. Alisikiliza kwa uso wote, na mlio ukiwa mzuri alifumba macho. Nilikuwa nakanyaga na kumtazama, na nilijisikia mwenye bahati kubwa, hata kama unga ungekataa.

Unga haukukataa. Katika maabara ya profesa tuliuweka kwenye mrija wa chuma wenye kipimo cha shinikizo, tukaupasha moto, tukaingiza haidrojeni. Jenereta ilikuwa inanguruma nje kwa sababu umeme ulikuwa umekwenda. Sindano ya kipimo ilitulia kidogo, kisha ikaanza kushuka, polepole, bila kusita, maana gesi ilikuwa inaingia ndani ya unga. Profesa alikagua viungo vyote kwa povu la sabuni ili aone kama hakuna panapovuja. Hapakuvuja. Baadaye tuliuongezea unga moto, gesi ikarudi, tukaipoza na kuielekeza kwenye ile seli ya kiganjani, na feni ya plastiki ikaanza kuzunguka. Nilikaa kwenye stuli nikalia, na profesa akaniacha nilie, akaandika namba mwenyewe.

Siku ya kutetea, shangazi zangu walikuja na vitenge vipya na makopo ya poda ya kunimwagia kichwani nikitoka, kama ilivyo desturi yetu. Walisubiri nje. Baba aliketi mstari wa nyuma, karibu na mlango, amevaa koti lake la kanisani, na mama karibu naye na ushungi mweupe. Nilieleza kwa Kifaransa changu bora. Maswali yalikwenda vizuri mpaka rais wa jopo, mzee wa madini mwenye miwani mizito, alipofungua ukurasa wa mbinu za kazi. Nilikuwa nimeandika kwamba kasi ya mtungi ilirekebishwa kwa mkono. Aliuliza ilirekebishwa na nani, na kwa chombo gani.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeficha. Cherehani sikuitaja hata mahali pamoja. Niliandika "mfumo wa kukanyaga". Mwenzangu wa kugombea nafasi alikuwa ameketi pale, na sikutaka acheke. Baba na mama nilikuwa nimewaweka kwenye ukurasa wa shukrani, kama kila mtu anavyofanya, baada ya Mungu, kwa upendo na malezi yao. Ilinibidi niseme: ilirekebishwa kwa sikio, na sikio lilikuwa la baba yangu. Watu wachache walicheka. Rais wa jopo hakucheka. Aliuliza kama mzee yumo ndani, akamwomba asimame, akaacha Kifaransa.

"Muzee, utuambie mwenyewe. Unasikiaka nini?"

Baba alisimama, kofia mkononi. Aliongea kama anavyoongea nyumbani.

"Ukisikia chuma juu ya chuma, ile iko inasaga chuma, haiko inasaga unga. Ukisikia kimya, haiko inasaga kintu. Kazi iko katikati. Na pale katikati panahama kila siku. Njo maana muntu anabakia pale pembeni."

Rais wa jopo aliandika. Walitoka kushauriana, wakarudi, wakaipitisha tasnifu yangu kwa sharti moja: ndani ya wiki moja niandike upya ukurasa ule, nieleze kinu kilivyokuwa kweli na ni nani aliyekiendesha. Bila ukurasa huo hawatatia sahihi, na bila sahihi hakuna nafasi. Nje shangazi walinimwagia poda mpaka nikawa mweupe wote, wakaimba, na baba akasimama mbali, upande ambao upepo hauleti vumbi, akipiga makofi.

Niliandika ukurasa ule asubuhi iliyofuata kwenye meza ya kukatia nguo. Nilipomaliza nilimwita baba, nikamsomea kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi: mtungi, bearingi za malori, kasi iliyowekwa kwa sikio na mzee aliyefanya kazi ya kinu maisha yake yote. Nilitegemea atafurahi. Alisikiliza na kichwa amekiinamisha, akauliza mama yuko wapi kwenye karatasi ile, ni nani aliyekanyaga. Sikuwa nimeandika. Niliongeza mama, cherehani yake na mfuko wake wa glavu. Nikasoma tena.

"Haukuandika mayi," alisema.

Nilimwambia si lazima. Jaribio lile halihesabiwi, na tasnifu inakaa maktaba miaka na miaka. Sikutaka kosa lake likae pale kila mtu alisome na kulicheka. Alinijibu kwamba kwao kwenye kinu, mtu anayemaliza zamu hawezi kwenda nyumbani kabla hajamwambia anayeingia ni wapi alikosa. Anayeficha, mwenzake ndiye anayeumia.

"Bacheke," alisema. "Mwenye atacheka hatatia mayi."

Niliandika maji. Niliandika kwamba mwendeshaji alitia glasi moja kwenye unga uliotakiwa kuwa mkavu kwa sababu mwandishi hakumweleza hatari yake, kwamba mtungi ulipata moto, na kwamba aliwaondoa watu akaufungua peke yake, boliti moja moja, akaungua kiganja. Jopo lilitia sahihi, na nafasi nikapata. Kila mwaka huwasomea wanafunzi wapya ukurasa ule kabla sijawaruhusu kugusa kinu. Huwa wanacheka. Mpaka leo hakuna aliyetia maji.